Ujumbe wa Shabunda kwenye Matangazo ya Vifo

Jumanne, jioni

Bado sielewi, na nimemuuliza fundi mara tatu.

Leo mchana Maman Furaha, anayesoma matangazo ya vifo redioni kwetu, alinijia na karatasi. "Papa, huyu wa Shabunda njo amekufa ao iko muzima? Matanga iko wapi?"

Ulikuwa ujumbe wa mchimba dhahabu wa Shabunda anayenipa habari za siri kwa ripoti zangu: jina lake, shimo lake, na majina ya wenye bunduki wanaomtoza. Alinitumia mimi peke yangu. Zilibaki dakika chache usomwe hewani.

Justin, fundi wetu wa kompyuta, anasema lango linalopokea ujumbe wote halina sheria zake lenyewe. Linazisoma kwenye ghala moja la kati la data: kila ufunguo, kama jina la mahali, na jibu lake, huyu aende hapa, yule pale. Mtu aliandika humo kwamba kila kitokacho Shabunda kiende kwenye matangazo, kwa kuwa kule hututumia vifo tu. Lango likatii papo hapo.

"Nani aliandika?"

"Tonton," yaani mjomba, ndivyo anavyoniita, "sisi wote tuko na ruhusa."

Akaifuta sheria mbele yangu. Tukatuma ujumbe wa majaribio, kana kwamba umetoka Shabunda. Ukaenda tena kwa Maman Furaha. Huenda lango limeshika nakala ya zamani, anasema. Kosa linatiiwa papo hapo, sahihisho linasubiri?

Nimemwandikia mchimbaji asitume kitu tena. Hajajibu. Au amejibu, na sijui jibu limeingia kwa nani.