Usukani ni Wako, Robyn

Jumatatu, 4 Machi

Nimepiga pasi shati la Robyn la kikosi, nikapiga tena. Mkunjo wa mkono eti usimame kama kisu! La kwangu la kazini huwa kama limetafunwa na ng'ombe.

Makadeti wa anga, watoto wanaofunzwa mambo ya ndege, hukutana kwenye kile kibanda cha mabati nyuma ya stesheni. Leo wameitwa majina. Wenzake wote: "Nipo, afande!" Robyn kimya. Midomo inacheza, sauti haitoki. Miaka kumi na mitatu, nyumbani anaongea hadi masikio yananiuma, akivuka mlango tu — bubu. Lakini ndege! Akisikia mlio anatoka nje na soksi.

Alhamisi, 7 Machi

Afande Pickersgill, mkuu wa kikosi, kaniita pembeni. Jumamosi wanarushwa kwa ndege, kila kadeti na rubani wake. Huko juu rubani husema, "Usukani ni wako." Kadeti anashika, anajibu, "Usukani ni wangu." Asipojibu kwa sauti, hapewi. Maana kila mmoja akidhani mwenzake ndiye kashika, ndege haina mtu.

Nikasema, si atikise kichwa tu?

"Rubani anatazama mbele, mama Robyn. Hatazami kichwa."

Nilitaka kumpiga kwa bereti yake! Na kasema kweli, hilo ndilo linaloudhi zaidi.

Kwenye gari Robyn kaniambia, "Kama ni kukaa tu kama mfuko wa viazi, Mama, bora nibaki nyumbani."

Jumamosi, 9 Machi

Mawingu! Nimeacha zamu yangu dukani, tumeendesha hadi uwanjani — mawingu yamekaa juu ya mapaa, haruki mtu. Watoto wamecheza karata na kula mikate ya bekoni. Nimerudi na hasira hadi nikapotea njia.

Jumatano, 13 Machi

Mama yangu kaja kunywa chai. "Mtoto haongei, we unampeleka jeshini, Leanne?" Jeshi gani, Mama, ni watoto na bereti! "Haya, na huko angani atamwandikia rubani barua?" Akacheka mwenyewe. Robyn alikuwa kwenye ngazi, kasikia yote. Nimemkasirikia Mama hadi chai imepoa.

Baadaye, bafuni, mlango umefungwa: Usukani ni wangu. Usukani ni wangu. Sauti nzuri, kubwa. Nimekaa ngazini nikalia kidogo. Sasa bafu nitalirushaje!

Jumamosi, 16 Machi

Mvua. Imeahirishwa tena. Sina la kuandika.

Jumapili, 24 Machi

Jua! Siamini.

Niko ndani ya gari, nje ya uzio, wazazi hatusogei karibu. Nimemwona Robyn akienda kwenye ndege, parachuti inampigapiga matakoni, anatembea kama bata. Rubani wake mzee, ndevu nyeupe. Kamsemesha, Robyn katazama viatu.

Afande Pickersgill kaja dirishani. "Nimemwomba mzee asimharakishe. Ila sheria ni ileile, mama Robyn." Najua, najua! Aniache!

Wamepaa. Naandika huku natazama juu.

Ndege inakwenda sawasawa, kama imepigiwa rula. Imekata kona, taratibu, vizuri. Vizuri mno. Ni mzee huyo. Jamani Robyn, sema basi! Hata kwa kunong'ona, si una maiki mdomoni?

Bado imenyooka. Wanazunguka juu ya mto. Muda wao unaisha na mimi nimetafuna kifuniko cha kalamu. Kwa nini nilimleta? Akishuka na uso ule wa shuleni nitamwambia nini?

Hee — bawa limeshuka. Limepanda, limezidi. Pua inachungulia chini, sasa juu, ndege nzima inayumba kama mlevi wa Ijumaa. Upepo hakuna, bendera imelala kabisa! Pickersgill kageuka kunitazama, anatabasamu, kashika bereti yake kwa mikono miwili.

Hakuna rubani mzee anayeendesha ovyo hivi —