Jenereta Iliyogonga Kashojwa

Baba Zaina,

Sisi wazima. Zaina ameng'oka meno ya mbele, siku hizi anaongea kwa mluzi.

Leo nimeikumbuka ile harusi ya Kashojwa, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, walipotukodi na jenereta yetu kwa ajili ya kipaza sauti. Mzee wa bwana harusi alikuwa katikati ya hotuba, injini ikaanza kugonga, ko, ko, ko, watu wote wakakugeukia. Ulinikera, maana hukuharakisha. Uliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, ukafumba macho. Juu, kwenye vali, kulikuwa shwari. Ukashuka chini, ukakunja uso. Nikauliza kama ni oili, ukaipima, imejaa. Basi ukazima, na mzee akamalizia hotuba kwa koo lake.

"Inagonga ku chini," ukaniambia. "Ni biele, ule mukono wa kushika pistoni. Tukiilazimisha, moteri yote itapasuka."

Uliifungua nyumbani, ukaichomoa, imelika kweli. Ukazunguka maduka ya spea ya Mbarara ukiulizia biele kwa mdomo tu, chuma chenyewe umekiacha nyumbani, na kila mahali wakakujibu hakuna. Ukasema kwenu Bukavu ziko mingi. Jenereta ndiyo ilikuwa inatulisha, sikuwa na la kubisha. Nikakufungia chapati, ukapanda lori la Kabale, njia ikiwa bado na vizuizi vya wanajeshi. Mjomba wangu wa Bwizibwera akasema Mzaire amepata sababu ya kwenda zake. Nilimjibu vibaya.

Masika mawili yamepita. Juzi nilichukua kile chuma kilicholika ulichokiacha, nikakipeleka duka la spea la hapa hapa mtaani kwetu Nyamityobora, nikakiweka mezani bila kukitaja jina. Mwenye duka akakigeuza mara moja tu.

"Mama, hii si konrodi? Ziko. Kuna mzee alikuja hapa anasema biele, biele, sisi tukafikiri anataka bia."

Wenzake walicheka. Mimi nilitoka na konrodi mpya mkononi.

Fundi ameifunga, injini haigongi tena. Nina hamu nawe, na sioni haya kuandika hivyo. Kama ni biele iliyokupeleka, acha kuitafuta, uje. Na kama haikuwa biele, nitumie neno moja tu, "sirudi", nimwambie mtoto aache kukuwekea chakula.

Mama Zaina wako