Katani za Lupango Lako, Shemeji

Shemeji Sebastiani,

Anayekuandikia ni mimi Petero, muyomba wa watoto wako, mutu ambaye hapa Goma, tangu ukingo wa ziwa mpaka Murara, hakuna anayejua katani kumupita. Bwana agronomo wa mashamba mwenyewe alishuka kwenye pikipiki yake kuniuliza. Nilimujibu nikiwa nimekaa. Gavana akija siku moja, ataulizia nyumba yangu mbele ya kuulizia ya padri. Nimesoma miaka mitatu kwa mapadri. Wa nne walinikataza juu walimu walianza kuniogopa.

Sikuandikii kwa kukulilia. Wa kulia wamelia, wakala maharagwe, wakaenda. Mimi ninakuandikia kwa hasira.

Ulikufa vibaya. Mutu anakufa akiwa amemaliza. Wewe uliacha parseli, kile kiwanja cha Majengo, wazi pande tatu, makoro matupu, yale mawe meusi ya mulima wa moto ambayo hata mbuzi anayapita amefumba macho. Na mutumishi wa teritwari alikuwa amekwisha kusema: parseli isiyo na lupango la kuizunguka mpaka kiangazi cha mwaka unaokuja, itapewa mutu mwingine. Dada yangu, mujane wako, angekwenda wapi na watoto watatu? Kwa ndugu zako wa Masisi, wale ambao siku ya matanga walikuwa wakipima mulango wa nyumba kwa macho?

Na lupango ulikuwa umelianza na katani, kwa maringo yako. Unachimbua vitoto chini ya mama yao, unavitupa juu ya makoro yenye moto, siku kumi, siku kumi na mbili, mpaka kidonda kikauke na kujifunga. Nikakuambia unaviua. Ukanijibu mbele ya wanaume wa mutaa wa Mapendo waliokuja kunywa: "Shemeji, katani si mugomba. Wewe unajua migomba na mudomo." Wakacheka. Yule mufupi wa meno alicheka mpaka akamwaga pombe yake ya kasiksi.

Maneno hayo sijayameza mpaka leo.

Basi ulipokwenda, nikachimbua vitoto vyote, arobaini na kitu, sikuacha hata kimoja, nikavipanda siku ileile kama mutu mwenye akili: shimo, mavi ya ng'ombe, maji asubuhi, maji jioni. Maji ya ziwa, Shemeji, kwa kichwa! Siku moja nilibeba mitungi minne kwa mara moja, kiboko akaniachia njia. Ziwa letu halina kiboko, ninajua. Yule alikuwa amepotea.

Wiki ya tatu vikaanza kunuka. Ukivuta jani linakuja lote, jeupe chini, laini kama ndizi iliyooza. Mama Furaha, jirani wa ng'ambo ya barabara, akasimama na kikapo chake: "Papa Petero, hiyo mboga itaiva lini? Tulete chumvi?" Nikamuambia ni mbegu mupya ya Wazungu, inaoza kwanza.

Nilikuwa nikikutukana wewe, si yeye. Juu ya nini hukunifundisha polepole, mutu na shemeji yake, bila watu? Ulipenda kucheka kuliko kufundisha. Sasa kicheko chako kiko wapi, na mimi nilikuwa na mashimo arobaini ya uozo na mutumishi anahesabu miezi.

Kisha ile katani mama, ile kubwa ya kwenye kona, ikatoa mulingoti wa maua. Juma kwa juma unapanda, mpaka ukapita paa mara mbili. Watu wakasema katani ikitoa mulingoti, ndiyo iliyomuita kaburini mwenye kuipanda. Nikachukua panga. Nilitaka kuiangusha. Nilikuwa nikisema "utaona, utaona," na niliyekuwa nikimuambia ni wewe.

Dada yangu akaja akakaa chini ya mulingoti, katika miiba, mutoto mugongoni. "Yaya, ukikata hii, unikate na mimi." Mimi yaya yake, niliyemutangulia kuzaliwa, sikuwahi kuisikia sauti ile kwake. Nikamuambia nilitaka tu kujaribu makali ya panga.

Maua yakaanguka. Pale yalipokuwa zikatoka katani ndogo, kamili, na majani na vimizizi, zimejaa huko juu kama ndege. Mamia! Sikujua. Yeye alijua, alikutazama miaka yote ukifanya kazi, wakati mimi nikiongea. Akaziokota, akazipanga katika kokoto nyeusi, maji kidogo kama ya kunyweshea kifaranga. Zilipofika kimo cha kiganja akazihamisha, hatua kwa hatua, kuzunguka parseli yote. Mama yao ikakauka, ikaanguka upande wa jikoni. Ndiyo tabia yenu: kujaza watoto, kisha kwenda zenu.

Wiki iliyopita mutumishi akaja na kitabu chake. Akatazama musitari. "Mama, hili lupango litazuia nani? Panya?" Dada yangu akamujibu: "Bwana, na wewe ulizaliwa mufupi." Polisi aliyemufuata akacheka, mutumishi naye akacheka, akaandika. Si jina lako aliloandika. Ni la dada yangu Veronika, na la mutoto wako wa kwanza chini yake. Parseli imebaki.

Basi lala huko, na usijisifu kwa wafu wenzako. Ninakuaga bila kukusamehe, bado. Lakini ninakuahidi: katika lupango zimekufa sita karibu na barabara, nitapanda zingine mimi kwa mukono wangu, bila mavi, bila kuzifurikisha maji. Na ndugu zako wakija kupima mulango, watanikuta.

Kitu kimoja tu. Majengo yote nimewaambia kwamba ni mimi niliyesimama mbele ya yule mutumishi. Sikusimama. Nilipoona kofia yake barabarani niliingia chooni, nikashika mulango kwa ndani mpaka alipoondoka. Maneno yao yote niliyasikia kwa tundu la ukuta.