Ulichokiona Ulipomwosha Mama

Kamembe, Rusizi

Dada yangu Mwajuma,

Asalaam aleikum. Magoti yanasemaje? Na shemeji, bado anagombana na majirani kwa ajili ya maji? Huku mume wangu mzima na anakusalimu. Mgonjwa ni mdomo wangu, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga. Simu yako husikilizwa na Ujiji nzima, na haya ni ya sisi wawili.

Unajua tangu zamani uzi naukata kwa meno. Juzi juzi nilikuwa namalizia kanzu ya bwana harusi, nyeupe pe. Nikang'ata uzi wa kola, nikaacha doa la damu. Mama wa bwana harusi akaliona kabla yangu. "Maman, hii damu ni ya nani?" akauliza, huku anarudi nyuma. Kola nikaishona upya, lakini tangu siku hiyo yule mama anapita mlangoni kwangu bila salamu.

Nikaenda kwa daktari wa meno. Fizi zimevimba, zimeanza kuachana na meno, na jino moja la mbele linacheza. Akanisafisha, akanifundisha kupiga mswaki kama mtoto wa chekechea. Kisha akaniuliza habari ya hedhi. Nikamwambia imekoma, huu mwaka wa pili. Akasema homoni zikipungua mdomo hukauka na fizi hudhoofika, uchafu kidogo tu unazichokoza. Nikamweleza na lile joto linalonipanda mpaka naacha cherehani natoka nje, na usingizi ulivyonihama. Akanituma kwa daktari wa wanawake.

Huyo, binti mpole, akasema iko dawa ya homoni. Fizi zitaendelea na matibabu yake ya kusafishwa, ila joto na usingizi dawa itavisaidia. Nikafurahi. Lakini akasema si salama kwa kila mtu, akaniuliza: "Mama yako alikufaka na ugonjwa gani? Kuko muntu kwenu alipataka kansa ya matiti?"

Nikamwambia nitauliza nyumbani. Sisi wadogo tuliambiwa ni tumbo. Nilikuwa sijavunja ungo, nikazuiwa mlangoni, wewe ukaingia na mama mkubwa kumwosha. Leo hedhi imeshakoma na bado sijui mama yangu alikufa na nini. Ninachokumbuka ni kwamba miezi ile ya mwisho alijifunga kanga kifuani muda wote, na hakutaka nimlalie upande wa kushoto.

Najua utakachosema. Mwoshaji hasemi alichokiona, maiti husitiriwa. Nimeliheshimu hilo miaka yote, lakini sasa nina hasira, dada, nakwambia wazi. Dawa sijaanza. Naogopa kuimeza bila kujua, na naogopa kuendelea hivi hivi. Sikuombi umwaibishe mama. Maradhi si aibu, na daktari hataki kumsema, anataka kujua anipe nini.

Nisalimie shemeji, na mama mkubwa aliyetulea, na wale binti zako wawili. Wao nao wataulizwa swali hili siku moja, na watakuja kukuuliza wewe. Na wewe mwenyewe, kifua chako umekipimisha lini?

Je, ya mama ilikuwa titi? Niandikie neno moja tu, ndiyo au hapana, umpe huyu aliyekuletea barua. Nimemwambia akae kibarazani kwako mpaka umjibu, kwa hiyo mpe na chakula.

Mdogo wako,
Zaituni