Maji Yako ya Mvua, Mama Mkwe

Mama mkwe wangu mpendwa,

Najua ungecheka kusikia nakuandikia barua, wewe uliyesema karatasi ni ya kuwashia moto. Lakini juzi mtu alinijia na samaki wake ndani ya chupa ya jemu, uso umemshuka kama aliyebeba mtoto mgonjwa. Kabla sijamtazama huyo samaki, nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukiuliza, "Chai ya kwenu siku hizi ina ladha gani?" Yule mtu alinitazama akadhani nimerukwa na akili. Nilikukumbuka, Mama, mpaka nikatafuta pa kukaa.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipoingia dukani kwangu Kitengela, mwishoni mwa miaka ya tisini? Niliinamisha kichwa ukakigusa. "Takwenya," ukanisalimu kwa Kimaasai, nami nikajibu "Iko" kwa ulimi wangu wa kando ya ziwa, na wewe ukajizuia kucheka. Kisha ukasimama mbele ya vile vioo vyenye samaki wa mapambo, wekundu, wa buluu, wengine wembamba kama sindano.

"Hii samaki mtakula lini?"

"Si wa kula, Mama. Ni wa kuangalia."

"Hata ng'ombe naangalia. Lakini iko na maziwa."

Majirani nao walikuwa wakinitania kwamba wameona mengi, ila Mjaluo anayefuga samaki asiwaonje ndio kwanza wamemwona. Nilicheka nao. Wewe hukuwa unatania. Ulitaka mke wa mwanao aishi nyumbani kwako huko Kajiado, akame ng'ombe, na wajukuu wakue mahali unapowaona. Ulilisema waziwazi mbele yangu, na kwa hilo nilikuheshimu. Samaki wote walikuwa wamekwisha kunifia mara mbili wakati huo. Nikamwahidi mwanao, wewe ukisikia, kwamba wakifa tena nitafunga duka nihamie kwako.

Ndipo wale wembamba, wanaoitwa neoni, wakaanza kuugua.

Si kwamba sikujua kazi yangu. Nilijua ugonjwa wa madoa meupe, unaomwacha samaki kama amenyunyiziwa chumvi. Nilijua mkia unaooza kuanzia kwenye kingo, na tumbo linalovimba mpaka magamba yanasimama. Niliwakagua neoni mmoja mmoja nisione hata kimoja cha hayo. Walikuwa wamepauka tu, mapezi yamebana mwilini, wananing'inia juu juu na chakula hawakitaki. Nikatia dawa ya buluu, nikaongeza joto, nikatia dawa tena. Kila asubuhi niliwatoa waliokufa kabla sijafungua mlango, wateja wasione. Niliogopa sana, Mama, maana lile duka ndilo kitu pekee nilichokianzisha mwenyewe.

Ulikuja wiki ile kumwona mjukuu wako. Ukakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya vioo, kikombe cha chai mkononi, ukawatazama neoni. Niliujua utazamaji ule. Jioni ng'ombe wakirudi, ulikuwa ukisimama langoni ukawaacha wapite wote, hujamgusa hata mmoja, ndipo uchukue kibuyu chako ukakame. Yule mwenye shida ulikuwa umeshamjua.

"Ilianza kugonjeka moja moja, ama yote?" ukauliza.

"Wote, Mama. Kwa pamoja."

"Basi hiyo si ugonjwa. Ugonjwa inaingia kwa moja, halafu inatembea. Yote ikigonjeka pamoja, ni kitu imekunywa."

Nikakuonyesha kioo cha pili, wale guppi wenye mikia mipana. Nikakueleza kwamba maji ni yale yale, na hao wanacheza tu. Uliwatazama kidogo.

"Punda inakunywa maji yenye ndama haiwezi," ukasema. Kisha ukainua kikombe. "Hii chai si ile ya siku ile ingine. Maji umetoa wapi?"

Nikaweka chini kijiko cha chakula cha samaki. Ule mwaka wa kiangazi pipa langu la mvua lilikuwa limekauka, nikawa nanunua maji ya kisima kwa watu wa mikokoteni. Kitengela nzima inajua maji hayo yana chumvi, hata sabuni hukataa kutoa povu. Guppi huyavumilia. Neoni ni samaki wa maji laini, na mimi niliwabadilishia kwa ghafla, kisha nikawaongezea na dawa. Sasa nilijua, lakini mvua ilikuwa mbali na maji laini sikuwa nayo hata debe.

Wewe uliaga ukaenda zako. Siku chache baadaye lori la mchanga likasimama mbele ya duka, dereva akaanza kuteremsha mitungi ya maji.

"Mama amesema hii ni ya samaki," akaniambia. "Mtu asifulie nayo nguo."

Nilijua yametoka wapi. Ni lile tangi chini ya paa lako la mabati, ulilolifunga kwa kufuli, maji yako ya kunywa katika kiangazi kile. Nikayatia kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe, maana samaki aliyeumizwa na badiliko la ghafla hatibiwi kwa ghafla nyingine. Asubuhi moja nikakuta wekundu umerudi mikiani, na walipoona kivuli cha mkono wangu wakaja kutafuta chakula. Nililia palepale, duka likiwa wazi.

Miaka ilipita kabla sijathubutu kukuuliza. Tulikuwa tunakama, mimi upande mmoja wa ng'ombe na wewe upande wa pili.

"Mama, ungenyamaza tu, samaki wangekufa na mimi ningekuja kukaa kwako. Mbona ulisema?"

Uliendelea kukama kwanza.

"Ungekuja kama umeshindwa. Mtu ameshindwa anakaa akiangalia barabara. Mimi nilitaka ukuje ukipenda."

Hukulitaja tena jambo hilo, wala hukunisukuma. Nakushukuru kwa subira ile kuliko hata kwa maji.

Siku hizi watu wananijia kutoka Isinya mpaka Ngong. Jicho langu nimeliamini. Natazama kabla sijagusa, nauliza kama ni mmoja au ni wote, kisha nauliza habari za chai, na mara nyingi dawa inabaki kwenye rafu. Yule wa chupa ya jemu alirudi jana kuniambia samaki wake ameanza kula.

Tena hakunifuata Kitengela, Mama. Alinikuta hapa kwako. Vioo vyangu viko kwenye chumba chako cha mbele, karibu na dirisha linalotazama lango la ng'ombe, na ufunguo wa tangi lako la mvua ninao mimi. Duka halikufilisika wala samaki hawakunifia wote tena. Nimekuja tu.

Pumzika vyema huko uliko. Ng'ombe wanarudi, wacha nikasimame langoni.

Mke wa mwanao,
Mama Nashipae