Baba Tusekile, Uliyesimama Peke Yako Barazani

Mwaka umezunguka, Baba Tusekile, tangu tulipokulaza chini ya migomba yako hapa Busale. Wapo wanaosema Mungu amekuita. Mimi ni mtu wa sala, lakini hili sitamsingizia Mungu.

Tunakukumbuka ukinywa maji ya chungu cha wafinyanzi wa Ikombe, ukisema hakuna mengine kama hayo. Tunakukumbuka ukiwa mkuu wa chuo cha walimu, mtu mzima na heshima zako, ukiteka maji mtoni pamoja na wanafunzi wako. Wenzako wa rika walikucheka: "Mwalimu, na vyungu utaanza lini kufinyanga?"

"Siku vya mke wangu vitakapopasuka kwa kuwapikia ninyi."

Wakacheka, wakanawa, wakala.

Mtoto wa chifu na mtoto wa mfinyanzi wa Kikisi uliwakalisha mkeka mmoja. Ukawazungukia machifu wa huku bondeni na wa kule milimani, ukiwaambia: "Kodi tunatozwa pamoja. Basi na kukataa tukatae pamoja."

Bomani walipotaka wanafunzi wako wakabebe mizigo ya vita, wenzako hao wa rika walikubaliana nyumbani kwetu, ndizi zikiwa bado mdomoni, kwamba ukisimama barazani kukataa, wote watasimama nawe. Nilikuwa jikoni. Nilimsikia kila mmoja akiitikia.

Ukasimama. Ukageuka kuwatazama. Kila mtu alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Ulichapwa viboko mbele yao, ukatwishwa mzigo mpaka mpakani, ukarudi unatema damu. Hukumtukana mtu. Mwenye hasira ni mimi. Asubuhi na jioni naipeleka kwa Mungu, naye bado hajaniondolea. Kaburi lako walilichimba vizuri sana. Jembe hawaliogopi.

Juzi alikuja Andongwisye, mmoja wa wenzako hao; walimtuma yeye. "Ndaga, mama," akanisalimu. "Kwenye kumbukumbu ya mwenzetu tutaleta fahali."

"Fahali mwacheni alipo," nikamwambia. "Yeye angalau akiguswa husimama."

Kwa hiyo karamu haipo. Kesho ni baraza tena. Wanatakiwa wanafunzi wengine, na mwanao Ambilikile yumo.

Namwomba mzee wa kanisa anayewasomea maneno haya: jina la mume wangu likitajwa, asiwaambie watu wasimame. Atakayesimama, asimame mwenyewe. Mimi nitakuwa nimeketi mbele humu kanisani, nami nitageuka kuwatazama, kama ulivyogeuka wewe.

Unakumbukwa na mkeo Tulinagwe, wanao Tusekile na Ambilikile, dada yako Felista, na Yunis wa Ikombe, aliyekuletea maji ulipokuwa huwezi tena kuinuka.

Sisi hatutakusahau kamwe, Mwalimu Ezra Anyitike. Kesho barazani tutajua ni nani mwingine anayekukumbuka.