Raba Iliyokufa kwa Ndani

Kapchorwa, 4 Mei 2024

Baba,

Assalaam alaykum. Mimi mzima kabisa, kifua kimeshaizoea baridi ya huku milimani, na naomba barua hii iwakute wewe na Mama mkiwa na afya na hamu ya kula.

Nimempa kondakta wa basi mfuko. Ndani mna raba zangu za kukimbilia. Soli imelika kisigino, upande wa nje. Naomba unitengenezee. Walimu wenzangu waliniambia ninunue nyingine, nikawajibu kwamba baba yangu ni Hamdun, fundi viatu wa Ntinda, na maneno yakaishia hapo.

Novemba nitashuka huko Kampala kukimbia kilomita arobaini na mbili. Usicheke. Nilianza kwa kukimbia kwenda shuleni ili nipate joto, na sasa siku nisiyokimbia naiona haikukamilika. Raba hizi zimenibeba tangu siku ya kwanza, kilomita elfu moja na mia mbili. Zote nimeziandika.

Binti yako,
Farhana


Ntinda, 11 Mei 2024

Mwanangu Farhana,

Waalaykumu salaam. Sisi hatuna neno. Goti la mama yako limetulia, na foleni ya magari mbele ya kibanda changu ni ileile uliyoiacha.

Raba zimefika. Hizo ndizo unaziita zimechoka? Kitambaa kizima, mishono mizima, matundu ya kamba mazima! Nimekwangua soli ya zamani, nimebandika mpira wa tairi, kisha nikazungushia mshono wa nailoni. Utazivaa mpaka uwe bibi. Nina miaka thelathini na sita kwenye kazi hii na sijamwambia mtu kuwa kiatu chake kimenishinda. Wenye maduka ndio wanaotaka watu watupe kila kitu.

Kimbia bila wasiwasi.

Baba yako,
Hamdun


Ntinda, 13 Julai 2024

Mwanangu,

Salaam nyingi. Huku tunaendelea vizuri, ila miezi miwili hujaandika. Kwenye simu unasema "niko sawa" halafu unamtafuta mama yako. Yeye anasema sauti yako imepungua. Raba zinaendaje?

Baba yako


Kapchorwa, 2 Agosti 2024

Baba,

Assalaam alaykum. Nawaombea afya wewe na Mama. Yangu ndiyo iliyonifanya ninyamaze, na leo nitasema.

Tangu Juni miundi yote miwili, hapa mbele chini ya magoti, inaniuma. Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu, nikasema ni milima. Baadaye ikawa hata nikisimama ubaoni nafundisha. Wiki iliyopita nilikwenda hospitali Mbale nikapigwa eksirei. Mfupa wa mguu wa kulia umeanza kupata ufa. Nimekatazwa kukimbia mpaka Oktoba. Mbio za Novemba zimekwisha.

Daktari aliichukua raba, akaibonyeza ubavuni kwa kidole. Alisema sponji ya katikati ilikufa zamani, kwamba watu wengi hubadilisha wakifika kilomita mia saba au mia nane. Kwa hiyo ilikuwa imekufa kabla hujaigusa. Lakini lile tairi, Baba, likaifanya iwe ubao.

Nilijua. Kila hatua nilisikia ardhi inanigonga hadi kwenye meno. Niliendelea kuzivaa kwa sababu ni kazi ya mkono wako, na kwa sababu nilishajisifu mbele ya wenzangu.

Nazirudisha. Usizitengeneze.

Binti yako,
Farhana


Ntinda, 6 Septemba 2024

Mwanangu Farhana,

Salaam. Mguu unaendeleaje? Nijibu hilo kabla ya lingine lolote. Sisi tuna afya, ila mimi nimekuwa na usingizi mdogo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu wiki za kwanza nilikasirika. Nilimwambia mama yako kuwa daktari ashike mifupa, viatu aniachie mimi. Raba zako nikaziweka juu ya rafu.

Halafu akaja Okullo, yule askari wa gereza la Luzira anayeniletea buti. Yeye ni mkimbiaji. Akaziona, akazishusha, akabonyeza.

"Mzee, hii kiatu imekufa."

"Imekufa vipi na haijatoboka?"

"Imekufa ndani. Uso yake tu ndiyo inacheka."

Kiswahili chake cha askari hunichekesha, lakini siku hiyo sikucheka. Akavua raba yake, akaiweka kando ya yako juu ya meza. Yake ilisimama wima. Yako iliinama nje kama mlevi. Akanishika kidole gumba, akanibonyezesha zote mbili. Yake ilirudi juu. Yako ilibaki na shimo la kidole changu.

"Mimi natumia mbili," akasema, "moja leo, ingine kesho. Ya zamani ikianza kunipiga kwa goti na mpya hainipigi, najua siku yake imefika. Singoji itoboke."

Alipoondoka nilichukua msumeno, nikaipasua ya kulia kutoka kisigino hadi vidoleni. Sponji chini ya kisigino ilikuwa nyembamba kama chapati, imejaa mikunjo. Na chini yake lipo tairi langu, gumu, limeshonwa vizuri. Sikuwahi kuuchukia mshono ulionyooka mpaka siku hiyo. Kiatu cha ngozi kikichakaa unakiona. Raba ya kukimbilia inaficha, na mimi sikuuliza.

Nisamehe, mama. Na mkono wangu usiuheshimu kiasi cha kuvunja mguu.

Jana Amito, muuza dawa wa jirani, alileta raba zake za mazoezi akitaka soli. Nikazibonyeza. "Hizi sitengenezi," nikamwambia. Akadhani natafuta kupandisha bei. "Hapana. Vaa kwenda sokoni. Za kukimbilia tafuta nyingine." Aliondoka amenuna. Leo asubuhi amerudi kuniuliza anunue za namna gani.

Wewe ukienda kununua, nenda jioni mguu ukiwa umetanuka, na uache nafasi ya kidole gumba mbele.

Baba yako,
Hamdun


Kapchorwa, 26 Oktoba 2024

Baba yangu,

Waalaykumu salaam. Mguu umepona! Daktari ameniruhusu. Msamaha ulikuwa wako kabla hujauomba, na mimi nisamehe kwa kukuficha.

Nilinunua jioni, kama ulivyosema. Jana nilikimbia dakika ishirini na hakuna kilichoniuma. Nilitaka kuendelea, nikajizuia.

Barua yako niliwasomea wenzangu. Sasa kila mtu anabonyeza raba yake na hakuna anayejua anachobonyeza. Ziko pea kumi na mbili kwenye meza ya chumba cha walimu. Mbovu kuliko zote ni za mwalimu mkuu, Mzee Fabiano. Anazipenda kupita kiasi, na hakuna mwenye ujasiri wa kumwambia.

Njoo, Baba. Chumba kipo.

Binti yako,
Farhana


Ntinda, 30 Oktoba 2024

Mwanangu,

Tuko salama, furaha tele. Nitapanda basi Jumamosi alfajiri. Mama yako anakuja pia, anasema anataka kuona hiyo baridi kwa macho yake. Pea kumi na moja zipangeni mezani, nitazitazama baada ya chai.

Mzee Fabiano niachie mimi.

Baba yako,
Hamdun